Kiporo cha Muvi: Tule au Tutupe?

Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hollywood wameigeuza methali hiyo. Kwao siku hizi cha zamani ndicho kinyemi, ilimradi kipakwe rangi mpya. Kila ukishika simu unakutana na trela ya muvi ambayo unaijua mpaka mwisho wake. Simba alirudi, Snow White akarudi, joka la Anaconda nalo likarudi, na yule mtoto mchawi mwenye miwani ameshapewa mwigizaji mpya. Ukikaa na wenzako baada ya kazi, mada hii ikitajwa tu meza inagawanyika. Huku wapo wa "mbona wanatuharibia utoto wetu?", kule wapo wa "acheni uzee, twendeni tukaone."

Mpenzi msomaji, mimi muvi ya kurudiwa naiona kama kiporo. Kuna kiporo cha wali na maharage ambacho asubuhi, kikipashwa vizuri na kikombe cha chai ya rangi pembeni, kinakipita chakula cha jana. Na kuna kiporo ambacho ukifunua sufuria tu, pua inakupa jibu. Kulala si kosa. Cha kuuliza ni nani anakipasha, na ameongeza nini. Basi leo tufunue sufuria moja moja, na mimi nitasema ninavyoona bila kuumauma maneno.

Kwa nini wanarudia?

Jibu fupi ni pesa, na jibu refu pia ni pesa. The Lion King ilitoka mwaka 1994 ikiwa katuni ya kuchora kwa mkono. Mwaka 2019 Disney wakaileta tena kwa picha za kompyuta, chini ya mwongozaji Jon Favreau, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani kote. Lilo & Stitch ya 2002 ilirudiwa mwaka 2025 na waigizaji wa kweli, nayo ikavuka dola bilioni moja. Ungekuwa wewe mwenye studio, ungeacha?

Muvi mpya kabisa ni kamari. Unamwaga mamilioni kumtangaza mtu ambaye hakuna anayemjua. Muvi ya zamani ina jina, ina nyimbo ambazo watu wanaziimba bafuni, na ina mteja anayesubiri. Mteja huyo ni wewe. Wewe uliyekuwa shule ya msingi Simba alipotoka, leo una mshahara, una mchumba au mtoto, na Jumamosi mchana unatafuta pa kwenda. Wamekupata hapo hapo, tiketi tatu na bisi juu.

Ila si kila kiporo kinalipa. Snow White ya 2025, iliyotokana na katuni ya mwaka 1937, ilikusanya dola milioni 200 na ushee tu duniani kote, wakati gharama ya kuitengeneza iliripotiwa kuvuka milioni 250. Na kumbuka wenye kumbi za sinema nao wanakata chao. Kwa hiyo msidhani mtazamaji ni zezeta. Anajua kunusa.

Simba wetu, mali yao

Hii ya Simba inatugusa sisi zaidi, maana majina ni ya kwetu. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi: hayo hayakutoka California. Na ule msemo wa "hakuna matata" tuliusema sisi miaka na miaka, tukawaimbia nao watalii hotelini Mombasa na Zanzibar, kabla Timon hajachorwa. Disney waliomba kuusajili kuwa alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994, wakakubaliwa mwaka 2003 kwa bidhaa kama fulana. Mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe akaanzisha waraka wa kupinga, na zaidi ya watu 100,000 wakaweka saini. Usajili ule haukukatazi wewe kusema hakuna matata kwa bosi wako. Lakini mtu akikuuzia neno la bibi yako kwenye fulana, lazima moyo ukune.

Sasa muvi yenyewe. Ile ya 2019 ni nzuri kwa macho, sibishi. Nyasi ni nyasi kweli, maji ni maji kweli. Tatizo ni kwamba simba wa kweli hana nyusi za kukunja. Mwaka 1994 baba alipokufa, ule uso wa katoto ka Simba ulitutoa machozi sote, hadi kaka zetu waliojidai wana vumbi machoni. Mwaka 2019 nilimwona mnyama mzuri akiwa amesimama karibu na mnyama mwingine mzuri. Hadithi ilikuwa ile ile, karibu tukio kwa tukio, ila roho ilibaki kwenye ile ya zamani.

Nikampa nafasi Barry Jenkins, yule wa Moonlight iliyochukua Oscar ya filamu bora, alipoleta Mufasa mwaka 2024. Hapa angalau jikoni kuna mtu aliyeongeza nazi. Ni hadithi mpya: Mufasa ni mtoto aliyepotea, analelewa kwenye familia ya kijana anayeitwa Taka. Ndiyo, Taka! Wasemaji wa Kiswahili ukumbini lazima wacheke. Sijui mzazi gani anampa mwanawe jina hilo kisha anashangaa kakua vibaya. Lakini kinachowatenganisha ndugu hao kinaeleweka na kila msomaji wa kurasa hizi. Taka anampenda Sarabi, Sarabi anampenda Mufasa. Wivu tu. Miaka 30 tulijua kwamba Scar ni mbaya. Hapa tukaambiwa aliumia wapi. Kiporo kikiongezewa kitu cha namna hiyo, mimi nakula.

Zilizo jikoni

Kwenye orodha ya zilizotangazwa, nimechagua nne ambazo wapenzi watagombana kuzihusu.

Moana. Katuni ilitoka mwaka 2016, muendelezo ukatoka mwaka 2024, na toleo la waigizaji wa kweli likapangiwa tarehe 10 Julai 2026. Moana ni binti Catherine Laga'aia, na Dwayne Johnson anarudi kuwa Maui, safari hii kwa mwili wake mwenyewe. Jamani, miaka kumi? Hicho hakijawa hata kiporo, sufuria bado iko motoni! Watoto walioipenda ile ya kwanza hawajapata hata muda wa kuikumbuka. Kurudia kunahitaji kwanza kukosa. Kama ilivyo kwenye mapenzi, huwezi kusema nimekumisi wakati hajafika hata kituo cha basi. Kura yangu: wapelekeni watoto, ninyi msitegemee makubwa.

The Thomas Crown Affair. Hii Michael B. Jordan anaiongoza na kuicheza mwenyewe, imepangiwa Machi 2027. Itakuwa mara ya tatu. Ya kwanza ni ya 1968, Steve McQueen na Faye Dunaway: tajiri anapanga wizi wa benki kwa ajili ya kujifurahisha tu, na mwanamke anayetumwa na bima kumchunguza anampenda. Ya pili ni ya 1999, Pierce Brosnan na Rene Russo, na wizi umehamia kwenye jumba la makumbusho. Mimi ni wa ile ya 1999, nitapigwa mawe lakini sitabadilika. Rene Russo alikuwa amevuka miaka 40, na muvi nzima ilimchukulia kama mwanamke anayetakiwa, mwenye akili, asiyemwomba mwanaume chochote. Ile ilikuwa habari kubwa kuliko mchoro ulioibwa. Jordan akituletea wapenzi wawili wazima wanaowindana kwa akili, bila utoto, nitakuwa kwenye foleni. Kura yangu: tusubiri kwa hamu.

The Bodyguard. Hapo najua nimewasha moto. Tangu mwaka 2021 kumekuwa na taarifa kwamba Warner Bros. wanaiandaa upya. Ile ya 1992, Whitney Houston na Kevin Costner, ilikusanya zaidi ya dola milioni 400, na albamu yake ikauza zaidi ya nakala milioni 40. Watu wanasema Whitney hagusiki. Nami nakubali, sauti ile haigusiki. Lakini tukumbushane kidogo. Lawrence Kasdan aliandika hadithi ile miaka ya 1970, na wakati huo ilifikiriwa icheze na Diana Ross na Steve McQueen. Na ule wimbo ambao umeliza maharusi kuanzia Tanga mpaka Kigoma, "I Will Always Love You", ni wa Dolly Parton, uliotoka mwaka 1974. Dolly aliutunga kumuaga Porter Wagoner, mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Kwa hiyo kile tunachokilinda kisirudiwe ni kitu ambacho chenyewe kilirudiwa, tena ni wimbo wa kuagana ambao sisi tunaupiga harusini! Costner ndiye aliyependekeza Whitney auanze bila ala, sauti tupu. Wazo moja tu, na wimbo wa miaka 18 ukazaliwa upya. Hivyo ndivyo kurudia kunavyotakiwa kuwa. Kura yangu: wajaribu, lakini waje na wazo lao kama lile.

Harry Potter. HBO walitangaza mwaka 2023 kwamba wanavifanya vitabu vile kuwa tamthilia ya televisheni, kila kitabu msimu wake. Dominic McLaughlin ndiye Harry mpya, na John Lithgow ni mwalimu mkuu Dumbledore. Wengi wamenuna, kwa sababu muvi zile nane, za kuanzia 2001 mpaka 2011, bado ziko kichwani. Mimi sikununa. Kitabu cha kurasa mia saba ukikiweka kwenye saa mbili na nusu, kuna watu wengi wanaachwa kituoni. Tamthilia ina nafasi ya kuwapakia. Kura yangu: tule, lakini polepole.

Wahindi walituzoesha zamani

Wanaodhani kurudia ni ugonjwa mpya hawakukulia kwenye sinema za Kihindi. Devdas, hadithi ya kijana aliyeshindwa kusimama na mpenzi wake mbele ya wazazi, ilitoka kwenye riwaya ya Kibengali ya mwaka 1917. Kizazi kimoja kilimlilia Dilip Kumar mwaka 1955, kingine kikamlilia Shah Rukh Khan mwaka 2002. Mama na binti, kila mmoja na Devdas wake, wote wanakubaliana kwamba yule kijana alikuwa mwoga.

Halafu Don. Ile ya 1978 stelingi ni Amitabh Bachchan. Ya 2006 ni Shah Rukh, na Farhan Akhtar aliyeiongoza alifanya jambo la akili sana: alibadili mwisho. Wazee walioingia wakijidai wanajua kila kitu walitoka midomo wazi. Sitasema kilichobadilika, maana kuna msomaji hajaiona na sitaki ugomvi. Ila hapo kuna somo. Anayerudia kwa heshima anajua unachokijua, kisha anakitumia kukushtua.

Na muvi zetu je?

Hapa ndipo panaponiuma.

Sisi wenyewe ni mafundi wa kurudia. Lufufu alipokuwa akitafsiri muvi za nje kwa Kiswahili, tulinunua mkanda kwa ajili ya Lufufu. Adui alipewa jina la mtaani, stelingi akaongea kama kijana wa Kariakoo, na hadithi ikawa ya kwetu. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo. Kwenye kibanda umiza, kwenye benchi la mbao, muvi ya Marekani ilitengenezwa upya bila kamera hata moja. Kwa hiyo ubunifu upo, na watazamaji wapo.

Wanaijeria wameshaonyesha njia. Unazikumbuka kanda zao zilizojaa kila duka la video miaka ile? Kampuni ya Play Network ya Charles Okpaleke ilinunua haki za Living in Bondage, muvi ya mwaka 1992, ikatoa muendelezo mwaka 2019, umeongozwa na Ramsey Nouah, yule yule kaka ambaye dada zetu walibandika picha zake ukutani. Zikafuata Rattlesnake na Nneka the Pretty Serpent mwaka 2020, Aki and Pawpaw mwaka 2021, na Glamour Girls mwaka 2022. Zote mizizi yake ni zile kanda za zamani. Nyingine zilisifiwa, nyingine zikasemwa vibaya, lakini wamerudi nyumbani kwao na kufungua kabati lao wenyewe.

Sisi tukifungua kabati, tutakuta nini? Tuna Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, muvi fupi kuhusu mwanamke mgonjwa na uganga wa asili, ambayo ilishinda tuzo Ouagadougou, na bado vijana wengi hawajawahi hata kuisikia. Tuna Girlfriend ya mwaka 2003, ya George Tyson, iliyojaza watu wakati Bongo Fleva ikichanganya. Tuna kazi za marehemu Steven Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, kama Dar 2 Lagos. Hebu fikiria Dar 2 Lagos mpya, na vijana wa leo.

Ili urudie muvi unahitaji vitu viwili: kanda yenyewe, na karatasi inayosema ni ya nani. Vyote viwili kwetu ni shida. Miaka ile wasanii wengi waliuza muvi kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, na haki zote zikaondoka na lile burungutu la noti. Mwigizaji aliyelilia taifa zima kwenye pati 1 na pati 2 leo hana hata sauti ya kusema kazi yake ifanywe nini. Wengine walikubaliana kwa mdomo tu. Na kanda za VHS hazisubiri mtu, utepe wake unachakaa hata ukiwa kabatini. Disney wanaweza kugombana kuhusu Simba kwa sababu Simba ameandikwa jina la mtu. Muvi zetu nyingi zitakufa bila hata kugombaniwa.

Kwa hiyo kama wewe ni mmoja wa vijana wanaotengeneza muvi au tamthilia leo, nakuomba kama dada yako. Usisaini ukurasa wa mwisho kabla ya kusoma wa kwanza. Toa haki kwa miaka inayohesabika, badala ya milele. Kazi iandikishe COSOTA. Na lile faili la muvi liweke mahali zaidi ya pamoja, maana diski moja ikianguka chini, historia nzima imeanguka.

Wewe na mwenzako mbele ya skrini

Turudi sebuleni. Nimeshuhudia wapenzi wakinuniana wiki nzima kwa sababu ya muvi. Mmoja anaweka ile ya zamani kwa heshima kubwa, mwenzake anacheka jinsi joka linavyoonekana la mpira. Aliyecheka anadhani amecheka joka. Aliyeiweka anahisi amechekwa yeye. Na ana haki, maana ukimwonyesha mwenzako muvi uliyoipenda ukiwa na miaka 12, unamwonyesha mtoto uliyekuwa. Mjomba aliyekupeleka, sebule ya jirani mliyojazana watoto ishirini, umeme uliokatika kabla stelingi hajalipiza kisasi. Vyote vimo humo.

Basi mkipanga mtoko wa kwenda kuona toleo jipya, jaribuni haya:

1. Anzeni na ile ya zamani, wiki moja kabla, nyumbani. Mwenye muvi yake ndiye achague chakula.

2. Mwache mwenzako aione mara ya kwanza kwa macho yake. Ukimwambia "subiri, subiri, hapa ndipo patamu" kila dakika tano, patamu patachacha.

3. Ukumbini usilinganishe. Hakuna anayekera kama mtu anayenong'ona "ile ya zamani haikuwa hivi" kwenye giza. Malinganisho yana wakati wake, mkishatoka.

4. Mkitoka, kila mmoja ataje kitu kimoja kipya alichokipenda. Kimoja tu. Hata kwenye muvi mbovu hakikosekani, hata kama ni gauni.

5. Msipokubaliana, poa. Mama na binti wana Devdas wawili na bado wanakaa nyumba moja.

Kura yangu ya jumla mmeshaisikia. Kiporo chenye kitu kipya ndani, tule. Kilichopashwa haraka kwa sababu duka linataka kufungwa, tupite. Lakini nina ombi moja la wikiendi hii. Ukienda kuwasalimia wazazi, chungulia kwenye kabati chini ya televisheni. Kama kuna kanda ya muvi ya nyumbani, ya Kiswahili, hata kama kava limechanika, usikubali itupwe. Mtafute fundi aihamishe kwenye diski. Siku mtoto wako atakapotaka kuirudia, awe na cha kurudia.